Nyumba ya Bati Inayotazama Lango

Vizimba vya samaki vilikuwepo kweli, na samaki walikufa kweli. Hapo Ken Ogweno hakudanganya.

Hadiya Abdirahim alisimama ufuoni Takawiri, viatu mkononi, akitazama nyavu tupu zilizofungwa kwenye mapipa ya plastiki majini. Kwenye simu yake alikuwa na picha ambayo Ken aliipeleka kortini. Ilionyesha ngege wakielea matumbo juu, na nyuma yao pipa la buluu lenye ufa. Aliinua simu akalinganisha. Pipa lilikuwa lile lile, na ufa ule ule.

"Hivi vizimba ni vya nani?"

Abdihakim, mfanyabiashara wa Homa Bay aliyemleta kisiwani kwa boti yake, alicheka bila furaha. "Vya nani tena? Vyangu. Hasara yangu, na benki bado inanipigia simu kila asubuhi kunijulia hali."

"Na Ken Ogweno? Alikuwa mshirika wako?"

"Ken yule fundi wa mitambo? Wa kiwanda cha samaki?" Abdihakim alikunja uso. "Alikuja siku samaki walipokufa. Wenzake walikuja kunipa pole, yeye akaja kupiga picha. Nilidhani ni za Facebook."

"Hakuweka pesa zake hapa?"

"Binti Abdirahim, huyo hakununua hata soda."

"Utasema hivyo mbele ya wakili?"

"Mbele ya yeyote. Nimepoteza samaki, sasa nipoteze na msiba wenyewe? Mtu alie kwa maiti yake."

Hadiya alipiga picha ya pipa, akaomba jina la mlinzi wa vizimba, akapiga picha ya kibali chenye jina la Abdihakim. Kisha akakaa juu ya jiwe na kumpigia simu Wakili Nchagwa wa Migori, ambaye ndiye aliyempa kazi hiyo ya uchunguzi.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Kwa miaka zaidi ya ishirini Ken alikuwa fundi mkuu wa mitambo katika kiwanda cha minofu ya samaki Homa Bay. Kila mwezi sehemu ya mshahara wake ilikatwa ikawekwa kwenye mfuko wa pensheni, na mwajiri akaongeza yake. Mshahara uliobaki ulifika nyumbani umekonda, kwa hivyo mkewe Rispa alilisha nyumba na kulipa karo kwa nafaka alizouza soko la Migori. Rispa alipofungua kesi ya talaka na kudai nusu ya akiba hiyo, Ken aliandika barua ya kuacha kazi wiki hiyo hiyo. Sheria inamruhusu aliyeacha kazi kuchukua michango yake yote na sehemu ya ile ya mwajiri. Aliichukua. Kisha akaapa kortini kwamba yote ilizama Takawiri pamoja na samaki.

"Nimepata mwenye samaki," Hadiya alisema kwenye simu. "Si Ken."

"Vizuri. Sasa tunajua ni mwongo." Nchagwa hakuonyesha kufurahi. "Lakini waongo ni wengi, na korti haigawanyi uongo. Pesa iliyoliwa siwezi kuigawa, Hadiya. Nionyeshe kitu kinachosimama, chenye kuta ama chenye miguu, niombe kizuiwe kisiuzwe."

"Kesi inatajwa lini?"

"Alhamisi asubuhi. Akitoka hapo bila kufungwa mikono, atauza kabla hajafika nyumbani."

Ilikuwa Jumatatu.

*

Rispa alikuwa anapima mahindi kwa kopo la gorogoro, anashindilia mteja akiona, anakwangua juu kwa kijiti. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, sauti kubwa. Alimsikiliza Hadiya bila kuacha kupima.

"Kwa hivyo amekodi maiti za samaki," alisema. "Ken huyo. Hata msiba hawezi kununua wake."

"Mama Chrispine, nataka turudi nyuma kidogo. Siku aliyoondoka, alibeba nini?"

"Nilishamwambia wakili."

"Niambie mimi. Kitu kwa kitu."

Rispa alimpa mteja mfuko wake, akajifuta vumbi. "Nguo zake. Spana. Redio yangu, kwa sababu alisema yeye ndiye alinunua betri. Na gauni langu."

"Gauni gani?"

"La kijani, kola nyeupe. Nililishona mwenyewe wakati nimezaa Chrispine. Kifungo cha tatu kilipotea, nikaweka cha koti, cha kahawia. Gauni kuukuu hilo. Nikajua amempelekea yule Joyline wake. Na Joyline mwenyewe ni mwembamba kama waya wa baiskeli! Gauni langu akivaa lazima atafute mwenzake waingie wawili."

Wanawake wa kibanda jirani walicheka. Rispa hakucheka.

"Ulikuwa na magauni mengine?" Hadiya aliuliza.

"Nilikuwa na mapya mawili, ya kanisa. Yalikuwa kwa ile ile kamba."

"Akayaacha."

"Akayaacha."

Mtu anayemwibia mwanamke mmoja ili ampendeze mwingine huchukua jipya. "Sasa anakaa wapi?"

"Ati kwa kaka yake Cliff, huko upande wa Oyugis. Cliff amejenga dala mpya, boma lake mwenyewe, Ken amejishikiza hapo kama mkimbizi. Hivyo ndivyo ameandika kwa karatasi za korti." Rispa alitema mate pembeni. "Kaka zake wote wana dala. Mimi nimezeeka nikiwa mtu wa simba. Wenzangu wa rika langu wana wajukuu, na mimi tukienda kwao bado nalala kwa hiyo simba, kile kibanda alichojengewa akiwa kijana, ndani ya boma la baba yake. Nimemwomba, Ken, tutoke, tujenge kwetu. Jibu ni moja tu. Ngoja pensheni. Pensheni ikitoka nitakujengea dala, wewe mikayi wangu, nyumba yako itatazama lango. Mikayi! Mke wa kwanza, na hata mlango sina."

Kijana mrefu alifika na gunia begani, akalitua nyuma ya meza. Alikuwa Chrispine, mwanawe wa kwanza, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi.

"Anti, habari."

"Nzuri. Kesho naenda kule baba yako anakaa. Umewahi kufika?"

"Kwa baba mkubwa Cliff? Hapana." Aliinama kulifunga gunia upya, ingawa lilikuwa limefungwa. "Utachoka bure, anti. Huko ni nyumba tu na kastoo ka mabati."

"Asante kwa kunionya," Hadiya alisema.

*

Alipitia ofisi ya ardhi kwanza. Shamba lilisajiliwa kwa jina la Cliff Ogweno, na lilinunuliwa baada ya Ken kuacha kazi. Kwa Ken hakukuwa na kitu, hata kipande cha kupanda kitunguu. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi Oyugis, risiti zote ziliandikwa Cliff. Muuzaji alikumbuka watu wawili waliokuja kununua, mmoja akichagua vigae, mwingine akitia sahihi. Nani alichagua? Hakumbuki, wote wanafanana pua.

Kwa karatasi, basi, mambo yalikuwa safi. Hadiya aliendesha gari lake dogo hadi kwenye dala yenyewe, akapiga honi.

Ken alifungua lango mwenyewe. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, shati limepigwa pasi, mikono ya fundi. Hakushangaa.

"Wewe ni yule wa Nchagwa. Karibu, madam. Angalia kila kitu. Sina la kuficha, mimi ni mkimbizi hapa. Nalishwa na kaka yangu."

Nyuma yake kulikuwa na nyumba ya matofali yenye vigae vyekundu, madirisha makubwa, tangi la maji. Mwanamke mwembamba alisimama barazani.

"Huyo ni Joyline," Ken alisema. "Mkimbizi mwenzangu."

"Karibu chai," Joyline alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha upande wa Isebania, wala si cha Mjaluo. Alikuwa amefanya kazi kantini ya kiwanda cha Ken.

"Nashukuru, sinywi chai mchana."

Ken alimkabidhi bahasha yenye nakala ya hati, risiti na mkataba wa fundi. Hadiya alizisoma zote pale pale, akazirudisha. Kisha akageuka na kutazama kiwanja, jambo ambalo Ken hakulitegemea.

Hadiya alizaliwa Migori nyuma ya duka la baba yake. Utotoni alicheza kwenye dala nyingi za Wajaluo, na aliwahi kupigwa na mama wa rafiki yake kwa kukimbia ndani ya nyumba asiyopaswa kuingia. Alijua mahali pa kila nyumba kama alivyojua mahali pa rafu dukani.

Ile nyumba ya vigae haikuwa katikati. Ilikuwa pembeni. Katikati, mwisho wa kiwanja, moja kwa moja mbele ya lango, kulisimama kijumba cha bati cha mlango mmoja na dirisha moja. Mlango wake ulitazama lango, nao ulikuwa na kufuli. Nyumba ya vigae ilikuwa mkono wa kulia wa kile kijumba, hatua kadhaa mbele, kama mtu anayemsindikiza mkubwa wake.

"Hicho ni nini?"

"Stoo," Ken alisema.

"Stoo yenye pazia?"

"Vumbi, madam. Mbolea haitaki vumbi."

Hadiya alitembea hadi hapo. Karibu na mlango kulikuwa na mafiga matatu, yamechafuka masizi upande mmoja tu. Majivu yalikuwa machache, yameoshwa na mvua.

"Nani hupika kwa stoo?"

"Vibarua. Wakati wa kujenga."

"Walikuwa wangapi?"

"Kumi. Kumi na kitu."

"Wakajenga nyumba nzima, na wakapika mara moja."

Ken alitabasamu kwa meno. "Walikuwa wanakula kidogo."

"Stoo mmeipa mahali pazuri kuliko nyumba," Hadiya alisema, akimgeukia Joyline.

"Si ndio mimi nasema kila siku!" Joyline alishuka barazani. "Mtu akifungua lango, kitu cha kwanza anaona ni takataka hiyo. Nimemwambia abomoe tupande maua. Ati haiguswi. Kwani kuna dhahabu? Kwetu stoo inakaa nyuma, na kuku."

"Joyline," Ken alisema, "leta chai."

"Mgeni amesema hanywi."

"Niletee mimi!"

Joyline aliganda. Haikuwa sauti ya mkimbizi. Aliingia ndani, na mlango ukafungwa kwa nguvu.

Hadiya alikuwa ameshafika kwenye ukuta wa bati. Mahali ambapo mabati mawili yalikutana palikuwa na mwanya. Aliinama. Ndani hakukuwa na mbolea. Kulikuwa na kitanda cha mbao kisicho na godoro na kiti kimoja. Ukutani, kwenye msumari, lilining'inia gauni la kijani lenye kola nyeupe. Aliinua simu kupiga picha, lakini kivuli cha Ken kilikuwa tayari kimefunika mwanya.

"Nimekuambia uangalie, madam. Sikukuambia uchungulie."

"Samahani." Hadiya aliweka simu mfukoni. Alikuwa ameona kilichomtosha, pamoja na kifungo cha kahawia.

Alirudi polepole kuelekea lango. Karibu na mwingilio, pembeni, kulikuwa na vigingi vinne vimepigwa ardhini, vimezungushiwa kamba.

"Na hapa mnajenga nini?"

"Choo."

"Choo mlangoni?"

Ken alisukuma kigingi kimoja kwa ncha ya kiatu.

"Wageni watafurahi," Hadiya alisema, akaingia kwenye gari. Alipofika nje alisimama barabarani, akapiga picha ya dala yote kupitia lango lililokuwa bado wazi, ikionyesha kijumba katikati, nyumba kubwa pembeni, na vigingi.

*

Cliff Ogweno alikuwa na kinu cha kusaga unga mjini Oyugis. Alikuwa amejaa unga hadi kwenye kope, na alizungumza kwa kupiga kelele kwa sababu ya mashine.

"Ile dala ni yangu! Hati iko!"

"Nimeiona!" Hadiya alipiga kelele naye. "Bwana Cliff, mkeo Helen ni mke wako wa ngapi?"

"Wa kwanza na wa mwisho! Nguvu imeisha!" Wateja wawili waliokuwa kwenye foleni walicheka.

"Kwa hivyo yeye ndiye mikayi wako!"

"Ndiyo!"

"Na mna watoto wangapi wa kiume?"

Cliff alisita. "Mungu alitupa wasichana. Watano. Kwani wasichana si watoto?"

"Ni watoto. Sasa nieleze kitu kimoja, mimi si Mjaluo, labda sielewi. Kwa nini mikayi wako umempa nyumba ya bati, na mgeni wako umempa nyumba ya vigae? Na kama huna mwana, umempimia nani simba pale langoni?"

Cliff alinyoosha mkono akazima mashine. Wateja walianza kuangalia vidole vyao vya miguu.

"Nendeni mkanywe soda," Cliff aliwaambia. "Dakika tano."

Walipotoka alikaa juu ya gunia. Alijifuta uso, unga ukawa michirizi.

"Helen hajawahi kulala pale," Hadiya alisema. "Helen anakaa kwake, hapa hapa mjini. Nimepita mlangoni kwake nikija. Yule aliyewekwa katikati ni mke wa kwanza wa mwenye dala, na gauni lake liko kwenye msumari. Nimeliona. Ni la Rispa."

"Umeingia?"

"Nimechungulia."

Cliff alitikisa kichwa. "Nilimwambia Ken, jina langu nitakupa. Kudanganya korti ni mambo ya serikali, wanadanganywa kila siku na jua linachomoza. Lakini kuingiza mwanamke wa pili kwa dala kabla ya mikayi? Hapana. Hiyo ni chira. Hiyo laana haichagui nani ametia sahihi, inabeba watoto wote wa baba. Nikamwambia, jenga nyumba ya katikati kwanza, au utafute kaka mwingine."

"Na Rispa mwenyewe hangeitwa."

"Angekuja na wakili!" Cliff alicheka kidogo, kisha akaacha. "Wazee walisema nguo yake inatosha. Imefanyika kwa walioachwa, imefanyika kwa waliokufa. Tukaenda alfajiri. Gauni likaingia kwanza. Moto ukawashwa pale mlangoni. Ken akalala humo. Ndipo tukaanza kuchimba msingi wa ile nyingine."

"Kwa pesa za nani?"

"Unajua za nani."

"Utayasema haya kesho kutwa?"

"Alhamisi? Mbele ya jaji?" Cliff alisimama. "Alhamisi nitasema dala ni yangu. Yule ni mdogo wangu, madam. Nimekuambia kwa sababu umeniuliza mambo ya nyumbani. Ukiniuliza mambo ya korti, nitakujibu ya korti."

"Swali la nyumbani, basi. Mwenye dala akiingia, mwanawe wa kwanza hutangulia na jogoo. Sivyo?"

"Na shoka. Ndiyo."

"Nani alibeba jogoo?"

Cliff aliweka mkono kwenye swichi ya kinu. "Muulize mama yake," alisema, na mashine ikanguruma.

Garini, Hadiya alimpigia Nchagwa na kumsimulia yote.

"Picha ya kijumba cha bati," wakili alisema. "Jaji wa kwetu hapa ataelewa mara moja. Lakini kuelewa si ushahidi. Wakili wa Ken atasema ni stoo. Nahitaji mtu mmoja aliyekuwa ndani siku hiyo, aape."

"Yupo."

"Atakubali?"

"Sijui. Kwanza inabidi nimweleze mama yake."

*

Rispa aliishi vyumba viwili vya kupanga nyuma ya soko la Migori. Jua lilikuwa bado halijazama. Alikuwa anakata sukuma, kisu kikienda mbio, na Chrispine alikuwa mezani mbele ya ugali na omena.

"Hadiya, keti. Sema."

Hadiya alisema kwa mpangilio. Alianza na shamba, risiti, vigae vyekundu, na Joyline barazani. Rispa hakuacha kukata. Hadiya alipofika kwenye kijumba cha bati, kisu kilipunguza mwendo.

"Kiko wapi?"

"Katikati. Mbele ya lango."

"Ukubwa gani?"

"Kitanda kimoja, na nafasi ya kugeuka."

"Lango linaonekana kutoka mlangoni?"

"Lote."

Rispa alikata majani mengine mawili. "Kwa hivyo amejenga. Miaka yote hiyo nikimwomba, na amenijengea kwa siri, kama mtu anayezika kitu. Kwa pesa zile zile alizoniambia ningoje."

"Gauni lako liko ndani."

Kisu kilisimama. Hadiya aliona kwamba hahitaji kueleza kazi ya gauni. Kati yao, Rispa ndiye aliyekuwa Mjaluo.

"Basi nimeingia," Rispa alisema polepole. "Nimeingizwa. Ndiyo maana aliyaacha yale mapya. Alitaka lenye jasho langu."

Chrispine alikuwa ameacha kula. Alikuwa anatazama mlango.

Hadiya aligeuka. "Jana nilikuuliza kama umefika huko, ukasema hapana. Kisha ukaniambia kuna kastoo ka mabati. Mtu asiyefika amekaonaje?"

Nje mtu aliburuta gunia. Rispa hakuuliza maana ya swali. Alikuwa na wana watatu, na wa kwanza alikuwa mmoja tu.

"Jogoo alikuwa rangi gani?" alimwuliza mwanawe.

"Mama..."

"Nimekuuliza rangi."

"Mwekundu."

"Na shoka?"

"Baba alinipa njiani." Chrispine aliongea akiitazama sahani. "Alisema bila mimi haiwezekani. Alisema ile ya katikati ni yako. Eti utaitwa baadaye, hasira zikiisha, na kwamba wakili ndiye anawagombanisha. Akanipimia simba yangu hapo hapo, akapiga vigingi mwenyewe. Hakuna mtu amewahi kunipimia kitu, mama."

"Moto ulibebwa na nani? Moto ni wa mikayi."

"Baba mkubwa aliwasha kwa kiberiti. Gauni likawekwa kwa kiti, karibu na moto."

"Kwa kiti."

"Ndiyo."

"Likaota moto."

"Mama, tafadhali."

"Na usiku? Ken alilala wapi?"

"Humo ndani. Gauni lilikuwa kitandani."

Rispa alicheka mara moja, kicheko kifupi kama kikohozi. Aliikusanya sukuma yote, akaitia kwenye sufuria, akafunika. Hakukuwa na moto chini yake.

"Alhamisi kesi inatajwa," Hadiya alimwambia Chrispine. "Wakili anahitaji kiapo chako kesho asubuhi. Utaeleza ulichobeba, nani alikuwepo, dala ilisemwa ni ya nani. Ukisema, ile nyumba itazuiwa isiuzwe, na nusu ya mama yako itakuwa na pa kushika. Usiposema, ni stoo."

"Nikisema, baba atang'oa vile vigingi."

"Ndiyo," Rispa alisema.

"Sitakuwa na mahali kwao. Milele. Hata kuzikwa..."

"Ndiyo."

Alimtazama mama yake akingoja kitu zaidi, labda ombi, au machozi, au tusi. Rispa alichukua sahani yake ya ugali uliobaki, akaifunika kwa nyingine kama anavyofunikiwa mgeni aliyechelewa. Hakumwambia ale, wala hakumwambia aondoke.

"Gauni," Chrispine alisema mwishowe. "Naweza kulirudisha. Najua ufunguo unapowekwa."

"Liache. Ndilo lililojengewa."

Kijana aliinamisha kichwa. Hadiya alishika mkoba wake lakini hakusimama. Alikuwa amewahoji watu wengi, na alijua wakati wa kutowasaidia.

"Nitasema," Chrispine alisema. "Mama, nimesema nitasema."

Rispa alikaa chini kwa mara ya kwanza tangu Hadiya aingie. Alimkagua mwanawe kutoka juu hadi chini, kama anavyokagua gunia ambalo muuzaji ameapa halina wadudu.

"Sema kwanza," alimwambia. "Halafu nitajua kama wewe ni mtoto wangu au wa gauni."